Zamu ya Mvua ya Kwanza

Siku ya mnada Karatu haimfai mtu mwenye haraka, na Koinet alikuwa na haraka. Saa nane alitakiwa kupokea wageni wawili, na gari lake la utalii lilikuwa limejaa tope la kreta ya Ngorongoro mpaka kwenye vioo. Akaliegesha kando ya mtaro nyuma ya stendi, katikati ya wauza vitunguu na wauza mitumba, akafungua boneti na kuanza kuosha injini. Maji meusi yenye mafuta yakateremka mtaroni.

"Kaka, hayo mafuta unayapeleka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha njano, amelipandisha na kulifunga magotini, na miguuni mabuti ya mpira. Mkononi alikuwa na reki. Nyuma yake akina mama walikuwa wakizoa chupa za plastiki kutoka mtaroni. Koinet akavua miwani ya jua, maana uzuri ule haukustahili kutazamwa kupitia kioo cheusi.

"Yanakwenda chini, dada."

"Chini ndiko tunakoishi sisi."

Akamweleza bila kupandisha sauti. Mtaro ule ulikuwa unamwaga korongoni, na korongoni kulikuwa na watu wanaofua, wanaonywesha ng'ombe, wengine wanaochota maji ya kupikia. Kikundi chao kilisafisha mitaro kila kabla ya vuli, na gereji zilikuwa zimeshapewa mapipa ya kumwagia mafuta machafu. Koinet akataka kujua kama madereva wazuri nao wanapewa mapipa.

"Madereva wazuri wanapewa reki," msichana akasema, akamkabidhi ya kwake.

Wageni wawili walisubiri sana siku ile.

Msichana aliitwa Sifa, fundi cherehani, mzaliwa wa Rhotia. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshazama mapenzini. Koinet alimpigia kutoka kila mahali mtandao ulipokamata.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko kreta, namtazama faru."

"Amenizidi uzuri?"

"Kidogo tu, kwenye pua."

"Basi akupikie na chakula cha jioni."

Wangekuwa na raha kamili, kama si Mepukori.

Mepukori alikuwa fundi bomba aliyepanga chumba jirani na kanisa, na paa la kanisa ndilo lililolisha tanki la kikundi. Kutoka tanki lile walikunywa watoto wa chekechea na nyumba zote za mtaa. Paa hilo kiangazi kizima lilikuwa la njiwa na vumbi. Kwa hiyo mvua ya kwanza haikuruhusiwa kuingia tankini. Mtu wa zamu alitakiwa kufika pale matone yanapoanza, afungue kifuniko cha bomba la uchafu, ambacho muda wote hubanwa ili panya wasiingie, aache maji ya kwanza yaoshe paa na kumwagika nje, kisha akifunge yakishakuwa meupe. Zamu hiyo ilikuwa ya Sifa na Mepukori, kwa kupokezana.

Koinet alielewa yote hayo kichwani. Moyoni hakuelewa hata moja. Mawingu yakijikusanya tu, anamwona Sifa akitazama juu, na yeye anajua jina gani litaita kwenye simu. Mepukori alikuwa na kicheko kikubwa na kifua kipana, na alimwita Sifa "mama tanki" mbele ya watu. Koinet alianza kumchukia hata kabla hawajasalimiana vizuri. Akiwa porini na wageni, simba mbele yake, yeye anawaza Sifa juu ya ngazi ya kanisa na nani ameishikilia chini.

"Huyu Mepukori anakupigia kila siku?"

"Mawingu yakija."

"Leo hakukuwa na wingu."

"Leo ameuliza msumeno uko wapi. Koinet, unaona wivu?"

"Naona wivu," alisema, na ilimuuma kusema hivyo kuliko alivyotegemea.

Sifa akacheka, akamgusa shavu, akadhani yameisha. Wivu hauishi kwa kuguswa shavu.

Ikaja Jumapili moja ya Novemba. Koinet alimchukua baada ya ibada, Sifa akiwa na gauni la bluu alilojishonea na hereni ndogo za shanga, wakapanda mpaka kwenye bustani ya hoteli moja kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Wakaagiza nyama ya mbuzi. Juu ya mlima Oldeani mbingu ilikuwa imeanza kuwa nzito, lakini Sifa hakuwa na wasiwasi. Zamu ilikuwa ya Mepukori, alisema, na leo yeye ni wa Koinet mpaka jioni.

Akaenda kunawa. Simu yake ikabaki mezani, ikaita. Mepukori.

Koinet aliitazama ikiita. Mpaka huku, aliwaza, mpaka siku yangu hii moja. Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena, kisha akaizima mlio na kuilaza kifudifudi kando ya sahani. Sifa aliporudi alimkuta akitabasamu, akamuuliza nani kapiga. Koinet akajibu kwamba hakuna mtu. Mvua ikashuka kwa kelele juu ya bati la hoteli, wakala nyama yao kwa raha, na Koinet akaona ameshinda.

Jumatatu asubuhi mama wa kwanza wa mtaa aliyefungulia koki alichota maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya kibanda cha kuku. Lakini chekechea walikuwa wameshachemsha uji kwa haraka kabla hakujapambazuka vizuri, na watoto wengine wakanywa maji yenyewe bila kuchemshwa. Mchana watoto saba walirudishwa nyumbani wakiumwa matumbo. Maji yote yaliyobaki tangu masika yakalazimika kumwagwa.

Sifa alipotazama simu yake vizuri, akaelewa. Mepukori alikuwa amempigia kumwomba amshikie zamu, kwa sababu mama yake mzazi alianguka na ilibidi ampeleke hospitali. Simu mbili zilikuwa zimekatwa, nne hazikupokelewa. Alimpigia Koinet, aliyekuwa njiani kwenda getini na wageni.

"Ulikata simu yangu."

"Sifa, mpenzi, nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Usinipigie tena."

Koinet hakula siku ile. Wivu wote ulikuwa umemtoka, na mahali pake ikabaki aibu tupu. Alipiga, hakupokelewa. Akaenda kwenye cherehani yake, akakuta kiti kitupu. Mwishowe akajikaza akaenda kwa mtu aliyemchukia, akamkuta akifungua mabomba.

Mepukori hakumtukana. Akamwambia watoto wamepona na mama yake anaendelea vizuri. Kisha akasema kikundi kimemwondoa Sifa kwenye tanki, na Jumamosi kitajadili kama abaki kuwa mwanachama.

"Kwa nini Sifa? Hakuiona simu."

"Mbele ya kikundi alisema aliiona, akapuuza," Mepukori akajibu. "Nilijua anadanganya. Hajawahi kupuuza hata wingu."

Jumamosi Koinet alivaa shati jeupe, akaingia ua wa kanisa bila kualikwa. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya chekechea, Sifa pembeni, macho chini. Mwenyekiti wao, mama Nareyu, aliyemchukua Sifa kama mwanawe tangu alipotoka Rhotia, alimtazama dereva yule kama mtu aliyepotea njia.

"Shikamoo, yeyo," Koinet akamsalimu kama anavyomsalimu mama yake. "Simu ya Sifa nilikata mimi. Yeye alikuwa amekwenda kunawa. Nilimwonea wivu Mepukori, na watoto wenu wakaumwa kwa sababu yangu. Nimekuja kuomba msamaha."

Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa kati ya waliougua, alimwambia maneno makali na Koinet akayapokea yote. Halafu mama Nareyu akasema Sifa arudishiwe zamu yake, na kijana huyu aingie tankini na brashi, asugue mpaka yeye mwenyekiti mwenyewe aridhike.

Sifa alimfuata nyuma ya tanki akiwa amekasirika kweli kweli.

"Nani alikutuma kuja kusema?"

"Walikuwa wanakuonea."

"Niliwaacha wanilaumu kwa makusudi, Koinet. Hawa ndio watakaonipeleka kwako siku ya harusi. Ndio watakaokaa nami nikijifungua. Sikutaka wakujue kwa mara ya kwanza kama mtu aliyewanywesha watoto wao kinyesi cha njiwa."

Koinet hakuwahi kutamka neno harusi, alikuwa ameogopa kukataliwa.

"Ulikuwa umenifukuza," akasema.

"Nilikufukuza. Na bado nina hasira, usijidanganye." Akajifuta macho kwa kiganja. "Lakini kukufukuza ni jambo moja, na kukuacha usemwe vibaya ni jambo lingine."

"Sasa wameshajua."

"Wameshajua," Sifa akasema, akamkabidhi brashi. "Kwa hiyo sugua vizuri, maana mama Nareyu ndiye utakayempelekea posa."