Posa ya Oscar wa Mizani

Mwaka ule wa soko huria kila kitu kiliingia Masasi: mitumba ya Ulaya, redio za kaseti, sabuni za rangi zote, na Oscar. Bwana Fakihi, mnunuzi wa korosho, alimleta ndani ya sanduku la mbao, na Oscar hakuwa mtu. Alikuwa mashine yenye umbo la mwanamume, mrefu, mzuri wa sura hasa, shati limenyooshwa pasi saa zote. Hakula chakula, alikula jua. Watu walimshangaa kwa siku mbili tatu, kisha wakachoka kushangaa. Kilichowakera ni kazi yake. Alisimamia mizani ya Fakihi, kidole gumba kikibonyeza pale pasipoonekana, na gunia lililokuja zito likaondoka jepesi. Kwa kupunja, jamani, hakuwa na mwenzake.

Basi, asubuhi moja ya msimu, stendi ya Masasi imejaa hadi mtu anakanyaga kivuli cha mwenziwe, belo la mitumba likaponyoka juu ya keria ya basi la Newala. Lilikuwa likienda kumwangukia mwenye mali. Mkono wa kaka mmoja mrefu ukalidaka hewani.

Mwenye mali alikuwa Isabela, binti wa Newala, muuza nguo. Alivaa gauni jekundu lenye mabega ya kuvimba, kilemba cha kitenge, na viatu vya plastiki alivyovipaka mafuta ya nazi vikang'aa. Alimtazama yule kaka kuanzia juu mpaka chini, kisha akarudia.

"Mh! Wewe kabila gani, mwenye mkono wa winchi? Usiniambie Myao. Myao angeulizia chai kwanza ndipo adake."

"Sina kabila. Mimi si mtu. Nataka kuwa mtu."

"Aa! Kumbe ndiye wewe, Oscar wa mizani! Mwizi mkubwa!" Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Unanitukana na unacheka. Sielewi."

"Huo ni utani, kaka. Sisi wa Newala na Wayao ndivyo tulivyo. Anakutukana, nawe unacheka. Siku ukifiwa, huyohuyo anakuja kuchafua msiba mpaka wafiwa wacheke. Mtu akikutukana, cheka. Ukinuna, hujawa mtu bado."

Oscar alilishika somo hilo kwa mikono miwili. Nisiwafiche: Isabela alipanda basi akakaa dirishani upande wa stendi, ingawa ndio uliokuwa wa jua.

Zikaanza simu. Oscar alipiga kutoka ofisini kwa Fakihi, na Isabela alipokea kwenye duka lenye simu pale Newala, ambapo kila aliyekuja kununua kiberiti alisahau kiberiti ili asikilize.

"Umekula, bati langu?"

"Leo kuna mawingu."

"Hapana bwana! Mtu akiulizwa hivyo anajibu, nimekula, sijui wewe. Si lazima iwe kweli."

"Nimekula, Isabela. Sijui wewe."

"Nimekula, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Dukani watu wakakohoa. Isabela akageukia ukuta, uso unamwaka moto, akashusha sauti.

"Oscar, acha kupunja watu."

"Bwana Fakihi ana ufunguo wangu. Nikikataa atanizima."

"Na ukikubali?"

Simu ikakatika, kama kawaida yake.

Wiki ile lori la Fakihi lilipanda hadi Kitangari na mizani yake, na Isabela naye akaenda kutandaza magauni, maana penye korosho ndipo penye wateja. Alijipaka wanja, akajifukiza udi. Alitaka Oscar amwone.

Alichokiona yeye ni hiki. Mama Sijaona, mjane asiye na mtoto, alisema mbele ya watu kwamba gunia lake limepunjwa. Akasimama juu ya mizani, akakataa kushuka. Fakihi akapiga ukelele, "Oscar, mtoe huyo!" Oscar akambeba juujuu mama wa watu, akaenda kumtua nje ya uzio kama kapu la muhogo. Mama Sijaona, kanga imemvuka begani, akamtazama huku machozi yanamtoka.

"Bati wewe! Bati usiye na mama!"

Oscar akacheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko alichokifanyia mazoezi peke yake stoo, hahaha, mpaka kunguru wakaruka. Isabela akafunga mzigo wake bila kukunja hata nguo moja, akaondoka.

Kesho yake alipokea simu moja tu.

"Umemcheka mama anayelia, Oscar."

"Alinitukana. Ulisema nikitukanwa nicheke."

"Yule si mtani wako! Yule umemuumiza!"

"Nitajuaje tofauti?"

"Unamtazama machoni!"

"Nilimtazama. Kulikuwa na maji. Nilidhani ni vumbi."

Isabela akaweka simu chini. Alilia njia nzima hadi nyumbani, kwa hasira, na kwa sababu bado alimpenda, na hilo la pili ndilo lililomtia hasira zaidi.

Oscar naye alikaa na lile neno, maji. Sijui mashine inaumia wapi. Ila safari iliyofuata ya Kitangari, gunia la kwanza lilipopanda, aliweka mikono yote miwili mgongoni.

"Kilo themanini na mbili," akatangaza. "Safari iliyopita ningesema sabini. Niliwapunja wote. Kidole changu kilikuwa hapa." Akawaonyesha.

"Nitakuzima!" Fakihi akafoka. "Nitakuuza chuma chakavu!"

"Nizime."

Lakini wakulima walishaizunguka mizani, na Fakihi hakuzipenda nyuso zao. Akarusha ufunguo chini, akadandia lori lake tupu, na vumbi lake halijarudi Kitangari hadi leo.

Oscar akaenda kwa Mama Sijaona.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Oscar akachukua ndoo mbili, akateremka bondeni kisimani, akapanda nazo mlima, akaujaza mtungi wake. Kesho yake tena, shikamoo, na tena kimya. Siku nyingine mama alimporomoshea matusi ya kutosha kijiji kizima, naye alisimama akayasikiliza yote bila kucheka. Maji aliendelea kuchota.

Asubuhi moja mama alikuwa akimenya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, kisha akaguna. "Unatembea kama meza iliyokosa mguu."

Oscar akamtazama machoni, akatazama vizuri, bila haraka. Akacheka kidogo. Mama Sijaona naye akacheka, mpaka kisu kikamdondoka.

Habari hazina miguu lakini zilifika Newala. Isabela akamfuata hukohuko kisimani.

"Nasikia umeacha wizi."

"Nimeacha."

"Mbona hukunipigia?"

"Hapa hakuna simu. Na niliona aibu."

"Aibu?" Isabela akasogea. "Wewe?"

"Ni kitu kibaya, Isabela. Kinakaa hapa, hakitoki." Akajigusa kifuani. "Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, mpumbavu wewe. Nilikuwa nasubiri uje kuomba." Akampokea ndoo moja. "Sasa njoo kwetu ukanipose, kabla watu hawajachoka kunisema."

Jumamosi Oscar akaenda Newala, koti limekaza mabegani, mpaka kwa Mzee Benedikto, mjomba wa Isabela. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Isabela alijibanza nyuma ya pazia, anatafuna ncha ya kanga.

"Umetumwa na nani?" mzee akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Ukoo wako upi? Sisi ukoo tunaupata kwa mama. Mama yako nani?"

Oscar akainamisha kichwa. "Sina."

"Basi hakuna posa, kijana. Si kwa ubaya. Siwezi kumwoza mpwa wangu kwa kitu kisicho na kwao."

Nyuma ya pazia Isabela akafumba macho.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Mama Sijaona akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, amepanda lori la mkaa kutoka Kitangari, anahema kwa ghadhabu.

"Wewe mtoto! Nani kakuambia uje peke yako? Unataka watu waseme sikukulea?"

"Mama Sijaona," Benedikto akasema taratibu, "huyu ni wako?"

"Wangu."

"Ulimzaa lini?"

"Siku aliyoona aibu. Wewe ulizaliwa na aibu, Benedikto? Nakukumbuka unakimbia uchi sokoni. Mama yako alikufundisha. Huyu nimemfundisha mimi, tena kwa ndoo. Ukoo wake ni wangu, na anayebisha aniambie mimi."

Mzee Benedikto alimtazama mama, akamtazama Oscar. Akakuna ndevu. Kisha akakunja uso, akanyoosha fimbo mlangoni.

"Sasa mwanao anangoja nini humu? Tangu lini mchumba akakaa kwenye kikao cha posa yake? Mtoe nje! Hana adabu!"

Oscar akatoka mbio. Akasimama uani katikati ya kuku, koti limemkaa upande, akisikiliza wakubwa wakimjadili ndani, kama kijana yeyote anayeposa.