Siku Arobaini Bila Sauti Yake

Kwenye mizani ya vyuma chakavu huendi na gauni la njano. Dada Maua alikwenda nalo hivyo hivyo, na viatu vya kisigino juu, kakumbatia feni iliyokufa. Alitoka moja kwa moja kupamba ukumbi wa harusi ya watu, wala hakutaka kupita nyumbani kwanza. Nyumbani kulikuwa na nani wa kumpokea? Ilikuwa Jumamosi. Mikokoteni imepanga foleni mpaka barabarani, mabati yanagongwa, watu wanagombania mizani kama wanagawiwa urithi.

"Dada, hiyo feni unaipeleka wapi?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, shati la bluu limeshonewa kola mpya ya kitambaa kisicho ndugu wala jirani na hilo shati. Kiganja kimejaa skrubu alizookota.

"Naipeleka kuzikwa."

"Imekufa lini?"

"Jana. Ilikohoa, ikanyamaza."

"Na daktari hukuita?"

"Kwani wewe daktari?"

"Mimi fundi. Daktari ana koti." Akazungusha panga la feni kwa kidole, akatega sikio. "Haijafa hii. Ina kiu ya grisi tu. Wewe una haraka ya kuzika, dada yangu. Mumeo akipiga chafya si utaita watu wa kuchimba kaburi?"

"Sina mume."

"Basi amepona."

Kicheko kilimtoka Dada Maua pale pale, kicheko kile cha kushika kiuno, mpaka mpima vyuma akawauliza kama wanauza au wanachumbiana. Hawakuuza.

Kazi ya Dada Maua ilikuwa kupamba harusi. Maputo, maua ya plastiki, mapazia, sahani za kutupa. Alishawapamba maharusi wasiohesabika, na kila walipoondoka na magari yao yanayopiga honi, yeye alibaki ukumbini kupasua maputo kwa pini, moja moja, paa, paa, paa. Kisha nyumbani, wali baridi, anakula amesimama jikoni. Kukaa mezani peke yako ni kujitangazia.

Basi Fundi, aliyeondoka na feni pamoja na namba yake, akaanza kupiga simu. Kila jioni saa moja.

"Mpambaji wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekaa?"

"Wewe nani alikwambia nasimama?"

"Nasikia sufuria karibu na simu. Kaa chini, mpenzi, wali haukimbizwi."

Fundi aliishi na vitu vichache mpaka mwizi angemwonea huruma. Kitanda, meza, mashati matatu, taa inayochajiwa kwa jua. Maji ya mvua aliyakinga, maganda ya mboga aliyafanya mbolea, na kazini alikwenda kwa miguu. Kanisani kwao walikuwa kikundi cha watu kumi na mmoja, wakijiita Wapangaji.

"Wapangaji wa nani?" Dada Maua alimuuliza siku alipopelekwa kuona chumba.

"Wa Mungu. Dunia ina mwenyewe. Mpangaji mstaarabu habomoi ukuta, hatupi taka sebuleni kwa mwenye nyumba."

"Na kodi?"

"Shukrani. Mimi natoa kwa kutengeneza pasi za watu badala ya kuziacha zitupwe."

Akamweleza na habari za Kwaresima. Mwaka fulani aliacha sukari. Mwaka uliofuata, televisheni. Halafu pikipiki.

"Pasaka ilipofika ukavirudia?"

"Sikuona tena sababu."

Dada Maua alicheka, akampiga begani. Siku ile ilikuwa kichekesho.

Taratibu naye akaanza kupunguza. Maputo akayaacha, akaweka miche hai kwenye vyungu: unaikodi, harusi ikiisha unairudisha. Sahani za kutupa akabadilisha na za udongo. Wateja wawili walimkimbia, mmoja akisema harusi yake si shamba. Nyumbani aligawa makochi yaliyokuwa hayakaliwi na mtu, akagawa televisheni, akagawa redio. Jioni alikuwa na saa moja na sauti ya Fundi, na hiyo ilimjaza nyumba.

Jumatano ya Majivu, saa moja ikafika, simu ikakaa kimya.

Akangoja mpaka saa mbili. Akapiga yeye.

"Namba unayopiga haipatikani."

Labda chaji. Kesho yake, haipatikani. Siku ya tatu, ya nne, yule mwanamke wa kwenye simu akawa ndiye mtu pekee anayezungumza naye jioni. Dada Maua akamzoea, wakati mwingine alimjibu: "Najua, mwenzangu, najua."

Siku ya kumi alivaa lile gauni la njano, akaenda. Labda anaumwa, alijisemea. Bora angekuwa anaumwa. Kutoka ng'ambo ya barabara alimwona Fundi mlangoni kwa karakana, mzima, kashika pasi, anacheka na mteja mpaka macho yamefumba. Dada Maua alisimama nyuma ya nguzo ya umeme kama mwizi. Hakuvuka. Alirudi nyumbani akitembea polepole, na alipofungua mlango, vyumba vilikuwa vitupu kiasi kwamba hata ufunguo ulipowekwa mezani uliitikiwa na ukuta. Alitamani redio yake. Hata tangazo la sabuni lingetosha.

Siku ya ishirini na saba mlango uligongwa. Shangazi yake Fundi, mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, alikuja kuagiza maua ya kanisani kwa ajili ya Pasaka. Alitupa macho sebuleni.

"Mwanangu, umehama au umeibiwa?"

"Nimepunguza, Shangazi."

"Na mwili pia umepunguza? Una nini?"

Dada Maua alisema hana kitu, na machozi yakamsuta hapo hapo. Akasimulia yote. Shangazi akasikiliza, mdomo unazidi kufunguka.

"Ina maana hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Yesu wangu! Wale Wapangaji kila Kwaresima wanaacha kile kitu ambacho mtu akiamka asubuhi ndicho cha kwanza kukifikiria. Mwaka huu nimemwona mtoto wangu kazima simu, kila jioni saa moja anakwenda kukaa uwani, kakumbatia magoti. Nikamuuliza umeacha nini? Akasema, kufunga kunatakiwa kufanywe kwa siri, Shangazi, usinihoji. Mimi nikajua wewe mwenyewe umeambiwa!"

Dada Maua alifuta machozi. Kisha akavaa viatu.

Aliingia karakana bila hodi. Fundi alikuwa ameinamia redio. Alipomwona, bisibisi ikamdondoka, uso ukang'aa kwanza, ndipo ukaogopa.

"Maua... zimebaki siku kumi na tatu."

"Kumi na tatu za nini? Mimi sukari? Mimi pikipiki?"

"Nani kakwambia?"

"Jibu!"

"Nilimpa Mungu ninachokipenda kuliko vyote. Ilikuwa sauti yako. Sikuwa na kingine kikubwa cha kumpa."

"Ulimpa kitu ambacho si chako. Mimi mtu, Fundi. Ukiacha sukari, sukari haikai jikoni kwake inalia. Ukiacha pikipiki, haipigi simu ikaambiwa haipatikani." Alipiga hatua moja mbele. "Na Pasaka ingefika ungesema huoni tena sababu. Nimegawa hata redio, unajua? Nyumba yangu nimeifanya nyepesi ifanane na yako. Halafu ukaniacha humo ndani."

Fundi aliokota bisibisi. Nje mtu aliuliza kama feni yake iko tayari, hakuna aliyemjibu, akaondoka.

"Sukari sikuirudia," Fundi alisema polepole, kana kwamba anajipekua mfukoni. "Televisheni sikuirudia. Pikipiki... Maua, jana nilianza kuzoea. Saa moja ilipita bila mimi kuiona. Nikaona ni ushindi."

Hilo lilimchoma Dada Maua kuliko mengine yote, akakaa juu ya kreti.

"Unajua unachokipenda kuliko vyote?" alisema. "Si mimi. Ni kuwa peke yako. Kila mwaka unatupa kitu, unazidi kuwa peke yako, halafu unamwandikia Mungu risiti. Hicho hujawahi kukiacha hata Kwaresima moja."

Fundi aliketi sakafuni. Muda mrefu alifuta mikono kwa kitambaa, mikono isiyo na grisi.

"Nimemwahidi siku arobaini," alisema mwisho. "Siwezi kumkatia katikati."

"Nani kakwambia ukate? Badilisha unachofunga. Hizi kumi na tatu, acha kuwa peke yako. Kila siku."

"Hiyo ni ngumu."

"Ndiyo maana ya kufunga, baba."

Fundi akacheka kidogo, cheko la kuomba ruhusa. "Nianzie wapi?"

"Kesho saa kumi na moja nina mapazia ya kujaribisha ukutani kwangu. Njoo unishikie ngazi."

Alikuja. Shati lile lile, kola ile ile, limepigwa pasi mpaka linakata. Dada Maua alipanda, Fundi akashika, na kwa muda walifanya kazi tu, nipe pini, chukua pini, vuta huku, si huko. Mara sauti ikatoka chini.

"Maua."

"Nini?"

"Nikuoe?"

Alibaki ameshika pazia juu ya kichwa. Mikono ilimuuma. Alitaka kusema ndiyo mara tatu, kwa kasi, kabla neno halijaghairi. Lakini jioni ishirini na saba si chache, alizihesabu jikoni, moja moja, akiwa amesimama.

"Jibu ninalo," alisema bila kutazama chini. "Nitalitoa Pasaka. Kazi yako ni kurudi kuuliza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nione kama unaona sababu."

Fundi hakubisha. Walimaliza mapazia, wakala wali mezani, yeye kwenye kiti, mwenye nyumba kwenye ndoo iliyogeuzwa. Saa mbili akaaga. Nyumba ikanyamaza tena, kimya kile kile, na Dada Maua alilala akiwa hajui kama alichofanya ni akili au ni kiburi.

Kesho yake hapakuwa na pazia la kujaribisha. Hapakuwa na pini hata moja ya kuchomeka. Ilipokaribia saa kumi na moja, Dada Maua alivuta ngazi, akaiegemeza kwenye ukuta mtupu, akapanda vidato vitatu, akasimama hapo, sikio mlangoni.