Raba za Pipi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mashine alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali mtu mwingine aiguse. Alilizunguka basi dogo la mama yake, akapiga kila tairi teke jepesi, kisha akainama kuangalia kama kuna mafuta yaliyovuja chini. Muda wote huo mdomo wake ulikuwa ukinguruma na kubadilisha gia. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Mashine, na jina lake la kweli lilibaki kwa walimu tu.

Mama yake alikuwa dereva. Kazi yake ilikuwa kupeleka wanafunzi shule na kuwarudisha. Mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya mashindano ya magari ya kasi, basi lile halikubeba mwanafunzi yeyote isipokuwa Mashine. Ilikuwa siku yao wawili, mama na binti, na Mashine aliingoja kuliko sikukuu.

Mwaka huu mambo yaliharibika tangu mlangoni. Pipi, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amesimama pale na mkoba mgongoni, anatabasamu.

"Mama, kwani lazima aje?" Mashine alinong'ona.

"Lazima. Mama mdogo wako yuko kazini mpaka jioni. Ulitaka nimfungie kabatini?"

"Hajui hata tairi la mbele na la nyuma!"

"Basi utamfundisha," mama akasema, akawasha basi.

Mashine alinuna njia nzima. Pipi alikaa mbele, karibu na mama, akauliza hiki na kile, na mama akamjibu kwa furaha. Kila mama alipocheka, Mashine alihisi kama ameporwa kitu mkononi.

Walipofika, waliegesha kwenye uwanja wa majani uliokuwa na matope ya mvua ya jana. Mama aliwaamuru wote wavae mabuti. Raba za Pipi zikabaki ndani ya basi. Mashine alizitia zake kwenye mkoba, maana aliwahi kumsikia mtangazaji akisema kuwa hakuna anayekanyaga njia ya mbio bila viatu safi. Aliamini siku moja ataitwa.

Magari mawili ya kwanza yalikuwa yamesogea kwenye mstari wakati tone la kwanza lilipoanguka. Halafu la pili. Halafu mbingu ikafunguka, na magari yakasukumwa kurudi yalikotoka.

"Aaaah!" jukwaa zima likaguna.

Wapenzi wa mbio za magari ni watu wa ajabu. Hakuna aliyeondoka. Mmoja alivaa mfuko wa plastiki kichwani, akaketi wima kama amevaa taji. Watu wasiojuana walishika turubai moja kwa pembe zake na kuanza kuitana shemeji. Chai ilipita kutoka chupa ya mtu mmoja hadi kikombe cha mwingine. Baba mmoja mnene alilikazia macho wingu, akalikemea, "Wewe, nani kakuruhusu kuingia?" Watu wakacheka, mvua nayo ikazidi.

"Kwani hawawezi kukimbia tu polepole?" Pipi aliuliza chini ya turubai.

Mashine hakuweza kujizuia. Kumfundisha mtu habari za magari kulimpendeza kuliko kununa. "Hawawezi. Tairi zao za nyuma ni laini kama sahani, hazina mifereji ya kupitisha maji. Zinatakiwa zishike barabara kama gundi. Zikikuta maji, gari linateleza, linakwenda ukutani. Ndiyo maana wanangoja mpaka njia ikauke kabisa. Na mafuta ndiyo mabaya zaidi, maana maji hukauka lakini mafuta hayakauki."

"Kumbe!" Pipi akasema, na macho yakamtoka. Kwa muda mfupi Mashine alimpenda.

Mvua ilipokatika, wafanyakazi waliingia na mafagio ya mpira kusukuma maji. Nyuma yao lilitembea gari lenye feni kubwa ya kupuliza hewa ya moto. Kazi yenyewe ilikwenda taratibu, na watazamaji walianza kuchoka. Ndipo mtangazaji aliposhika kipaza sauti.

"Watoto mko wapi? Nina swali moja. Atakayejibu atavuka njia ya mbio na kubonyeza kitufe cha taa ya kuanzia mbio ya kwanza!"

Siku yenyewe ilikuwa imefika! Alivua mabuti haraka haraka, akatoa raba zake, akainama kufunga kamba.

"Kwa nini magari haya hayakimbii kwenye mvua?"

"Mimi! Mimi!"

Mashine aliinua kichwa huku kamba moja bado ikiwa mkononi. Aliyesimama ni Pipi.

"Tairi zao za nyuma ni laini kama sahani," Pipi alisema kwa sauti, "hazina mifereji ya kupitisha maji. Zinatakiwa zishike barabara kama gundi. Zikikuta maji, gari linateleza, linakwenda ukutani."

Neno kwa neno! Jukwaa likalipuka kwa makofi. Mama akamkumbatia Pipi, akamwinua juu. "Mwanangu!" alipiga kelele. "Mwanangu huyo!"

Mashine alijua vizuri kuwa mtoto wa mama mdogo ni mwana wa mama pia. Alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Lakini neno lile lilimchoma kama mwiba uliovunjikia ndani, na macho yakamwaka.

"Uje na viatu safi tu," mtangazaji akasema. "Matope hayaingii hapa."

Mama akamtupia Mashine ufunguo. "Mashine, kimbia kwenye basi umletee mwenzio raba zake. Haraka!"

Mashine alikimbia akipita juu ya mbao zilizotandikwa matopeni, asichafue raba zake. Alifungua basi, akazichukua za Pipi. Zilikuwa nyeupe, mpya. Pembeni, chini ya lori kuukuu, palikuwa na dimbwi. Juu ya maji yake kulielea rangi za zambarau na kijani, zikizunguka polepole. Lori lilikuwa linavuja mafuta. Mashine aliona, na alijua.

Alisimama pale. Majibu yalikuwa yangu, alijiambia. Siku ilikuwa yangu. Mama ni wangu. Pipi amekuja leo tu na kuchukua vyote, na bado wanampigia makofi. Akaachia raba moja, ikaanguka dimbwini. Akaachia na ya pili.

"Zimeniponyoka, mama," alisema aliporudi, raba zikichuruzika maji mikononi. "Zimelowa chapachapa. Lakini zangu ni kavu. Labda nikabonyeze mimi."

Mama alizitazama raba, kisha akautazama uso wa binti yake. Kabla hajasema lolote, mwanamke mmoja mwenye fagio la mpira, msimamizi wa njia, alicheka pale kwenye lango dogo la kuingilia.

"Viatu viwili tu vinawaliza? Sisi hapa tunakausha barabara nzima! Hebu leta."

Alizipeleka mbele ya ile feni kubwa. Watazamaji, ambao kwa siku ile wangeshangilia hata rangi ikikauka, wakaanza kuziimbia raba: "Kauka! Kauka! Kauka!" Zilifuka mvuke, zikakauka. Pipi akazivaa, akashikwa mkono, akaongozwa kuelekea mstari wa kuanzia. Nyuma ya mstari, gari jekundu la Dereva Kishindo, ambaye mama na Mashine walimshangilia kila mwaka, lilikuwa limeanza kunguruma.

Mashine alipaswa kukasirika. Badala yake aliikodolea macho miguu ya Pipi. Maji yamekauka. Mafuta je? Feni haikaushi mafuta. Yamo kwenye soli za raba zile, na Pipi anakwenda kuyapaka pale pale ambapo tairi la Kishindo litakanyaga kwa nguvu zote.

Labda ni kidogo, alijiambia. Akalitazama wingu. Lilikuwa linarudi, jeusi. Wakisimamisha sasa, huenda mbio zisiwepo tena, na watu hawa wote waliokaa kwenye mvua tangu asubuhi wataondoka bila kuona kitu, na kila mtu atajua ni kwa sababu ya nani. Pipi alikuwa amebakiza hatua chache.

"Simama!" Mashine alipiga kelele, akaruka ngazi za jukwaa. "Pipi, usikanyage! Usikanyage! Soli zina mafuta!"

Msimamizi hakuuliza swali. Aliliweka fagio lake mbele ya Pipi, na Pipi akabaki na mguu mmoja hewani. Msimamizi alitoa kitambaa cheupe, akafuta soli. Kitambaa kikawa cheusi.

Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyezitumbukiza," Mashine alisema, akihema. "Hazikuniponyoka. Niliona dimbwi lina mafuta, nikazitumbukiza makusudi. Sikutaka abonyeze yeye."

Pipi alimsikia. Mama, aliyekuwa amefika nyuma yake, alisikia pia.

"Wapenzi watazamaji," mtangazaji alisema kwa sauti ya unyonge, "tuna ucheleweshaji mwingine kidogo."

"Aaaah! Sasa mvua iko wapi?" aliguna yule mwenye mfuko kichwani, na watu wengi wakapiga miluzi ya hasira. Mashine alitamani ardhi immeze.

Mtangazaji alilitazama wingu, kisha miguu ya Mashine. Hakuwa amesikia yaliyosemwa. "Hatuna muda. Wewe binti, zako ni safi na kavu. Njoo ubonyeze wewe, tuendelee."

Pipi alikuwa anatazama chini. Njia ilikuwa wazi mbele ya Mashine, na kitufe kilikuwa ng'ambo yake, na alikitaka. Alikitaka kuliko kitu chochote. Alichuchumaa, akafungua kamba za raba zake.

"Vaa," akamwambia Pipi. "Zitakupwaya, kaza kamba. Vaa haraka, mvua inarudi!"

Msimamizi alizikagua soli, akaitikia kwa kichwa. Pipi alivuka njia akiburuza miguu, akafika, akabonyeza. Taa zikawaka. Magari mawili yakaondoka kwa mlio uliotikisa meno ya watu, na kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi yalikuwa yameshafika mwisho. Kishindo alikuwa ametangulia! Jukwaa zima lilisimama likipiga mayowe. Mashine alisimama kwenye wavu bila viatu, miguu imelowa, akipiga makofi kama wengine. Wivu ulikuwa bado unamtafuna.

Mvua ikarudi. Watu wakakimbilia maturubai yao, safari hii wakicheka.

Pipi alirudi, akamrudishia raba bila kumtazama. "Umeniharibia zangu."

"Nitazifua. Nisamehe, Pipi. Nilifanya makusudi, na hukuwa umenikosea."

"Nitakusamehe," Pipi akasema. "Ila si leo." Akaenda kukaa upande wa pili.

Mama aliketi karibu na Mashine. Mashine ndiye aliyeanza kusema.

"Ulimwita mwanangu."

"Nilimwita. Na nitamwita tena, maana ni mwanangu. Kumpenda yeye hakujapunguza hata chembe ya upendo wangu kwako." Mama alimpangusa miguu kwa kitenge chake. "Lakini siku hii ilikuwa yetu wawili, nami nilipaswa kukaa nawe kabla, tuzungumze. Hilo ni kosa langu. La raba ni lako."

"Wivu bado ninao, mama. Hata sasa."

"Najua. Wivu huja wenyewe, huulizwi. Ukija, niletee ukiwa bado ni maneno, tuuzungumze, hata ukilia. Ukiunyamazia mpaka ukawa kitendo, huwezi tena kuchagua utamuumiza nani. Wewe ulimlenga Pipi. Sasa niambie, yule dereva alikukosea nini?"

Mashine aligeuka kutazama kule lilikokuwa gari jekundu. Machozi yakamtoka.

"Twende ukamwambie," mama akasema.

"Peke yangu?"

"Utaongea peke yako. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Walimkuta Dereva Kishindo ameketi juu ya tairi kwenye hema lake, nywele zimelowa jasho, kofia ngumu mapajani. Alikuwa mwanamke mfupi, mfupi kuliko Mashine alivyodhani. Mashine alimweleza yote, tangu swali la mtangazaji mpaka dimbwi la mafuta, bila kuficha kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwenye picha iliyobandikwa ndani ya mlango wa gari lake, ya watoto wawili wadogo wanaocheka.

"Hao wananingoja nyumbani," alisema. "Kelele zako zilinichelewesha pale mstarini, na leo nitawarudia mzima. Asante."