Kocha Aliyeongea kwa Vidole

“Unatingisha kichwa, siyo?” mkewe alimwuliza kwenye simu.

Kocha alikuwa amekaa juu ya kasha la mipira, ndani ya stoo ya vifaa ya chuo, na kweli alikuwa anatingisha kichwa.

“Hapana,” alisema.

“Simu haina macho, mume wangu. Nimekuuliza kitu. Ijumaa saa kumi jioni fomu ya uhamisho inatakiwa mezani kwa bosi. Niirudishe au nisiirudishe?”

Nje ya mlango wasichana wa timu ya kikapu walikuwa wameanza kudundisha mipira.

“Uko hapo?”

“Nipo.”

“Upo. Kuwepo unakuweza sana.”

“Mazoezi yanaanza.”

“Haya, nenda kwa watoto wako. Dada anakusalimia. Anasema hajawahi kuona mke anahama nyumbani na hakuna aliyegombana na mtu.”

Simu ikakatika. Ilikuwa Jumanne, na siku ya tisa tangu mkewe aende kukaa kwa dada yake. Alikuwa mtoa dawa wa hospitali, yule anayekaa nyuma ya kidirisha cha kioo na kukueleza mara ngapi kwa siku. Walikuwa wamempa nafasi ya kuongoza chumba cha dawa katika hospitali nyingine, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Akienda, ameenda. Wote wawili walilijua hilo.

Kule chuoni wachezaji walimwita Kocha “Vidole”, ingawa si mbele yake. Uwanja ule wa ndani umeezekwa bati. Dundisha mpira mmoja utasikia kumi, na sauti ya mtu hupotea humo kama chumvi kwenye maji. Ndiyo maana miaka mingi nyuma alianza kutumia mkono. Kidole kimoja, shambulieni kulia. Viwili, kushoto. Ngumi, kabeni. Kiganja wazi mbele ya kifua: tulia hapo hapo, usiondoke, msaada unakuja.

Timu ilishinda, na mkono ukazoea kazi mpaka ukamfuata nyumbani. Kidole kimoja, chai. Viwili, maji. Ngumi, punguza televisheni, nafikiri. Mwaka wa kwanza wa ndoa mkewe alicheka na kuwasimulia wenzake kazini. Mwaka wa saba aliileta chai bila kucheka.

Wiki hiyo Kocha alikuwa na kazi moja kubwa: kumpata namba moja, yaani yule anayepandisha mpira na kuamua nani aupate. Namba moja wa zamani alikuwa amehitimu. Orodha ilitakiwa ibandikwe ukutani Ijumaa mchana, na waliobaki kugombea ni wawili. Mmoja walimwita Saa, kwa sababu hakuwahi kuchelewa wala kukosea. Ukiinua kidole, yeye ameshafika. Wa pili alikuwa amehamia kutoka chuo kingine muhula ule. Huyo walimwita Redio, na haikuhitaji maelezo.

Moyoni Kocha alikuwa ameshamchagua Saa. Alitoka stoo, akapuliza filimbi.

Dakika chache baadaye Redio alibanwa pembeni na wakabaji wawili. Kocha akainua kiganja. Redio akakitazama, akauweka mpira chini taratibu, akatembea hadi kwenye benchi, akakaa, akafungua chupa yake ya maji.

“We Redio, unafanya nini?” Saa alimwuliza.

“Nimetolewa. Hujaona?”

“Hujatolewa. Kiganja maana yake baki.”

“Baki?” Redio aliteremsha chupa. “Mtu akuwekee kiganja hivi, na uso kaukunja hivi, halafu iwe baki? Jamani. Nilikotoka hiyo ni ‘toka mbele ya macho yangu’.”

Wasichana walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kocha hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado juu, na aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Alikuwa anaiona jikoni yake. Mkewe amesimama karibu na jiko, barua mkononi, anamwuliza, “Niende au nibaki?” Na yeye ameinua kiganja. Mkewe alikitazama kwa muda mrefu, akaikunja barua mara mbili. Asubuhi yake akatoa begi juu ya kabati.

“Njooni hapa,” Kocha alisema. Walisogea wakipangusa macho. “Siku ya kwanza, kabla hamjafundishwa, ni wangapi walidhani hiki kiganja kinawafukuza?”

Kati ya kumi, mikono minane ilipanda. Wa Saa ulikuwamo.

“Mbona hamkusema?”

“Hukuuliza, Kocha,” Saa alijibu kwa heshima.

“Kocha, usinichukie,” Redio alidakia. “Ila siku moja weka hiyo mikono mfukoni. Uone nani atabaki anacheza.”

Jioni ile Kocha alikula amesimama, akaosha sahani moja na kikombe kimoja, akavifunika. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Hakukuwa na kitenge kwenye kiti wala kalamu za hospitali zinazosahaulika kila mahali. Alisimama pale pale jikoni, akajaribu kusema kwa sauti: “Nilimaanisha ubaki.” Ilitoka kama fundi bomba anayeulizia koki iko wapi. Akajaribu tena, akaona aibu, ingawa hakukuwa na wa kumwonea.

Akachukua simu, akaandika: *Kile kiganja cha siku ile nilimaanisha ubaki.*

Jibu lilikuja haraka. *Kiganja gani?*

Halafu lingine. *Kile cha jikoni?*

Halafu, baada ya muda, la tatu. *Nimelala siku tisa kwenye godoro la mtoto wa dada, ndiyo leo unanitafsiria mkono.*

*Nisamehe. Ngoja nikueleze*, aliandika.

*Sitaki kusoma. Ukiwa na neno, nijie na mdomo.*

Akapiga. Aliyepokea ni shemeji yake.

“Shemeji, anaoga. Au amesema niseme anaoga. Nimwambie nini?”

Maneno yalikuwepo, ila yalijazana mlangoni kama watu wanaotaka kutoka wote kwa pamoja.

“Shemeji?”

“Nipo.”

“Unaona sasa? Mimi hata mkeo si mimi, na nimeshachoka. Lala salama.”

Alhamisi aliigawa timu pande mbili, Saa upande huu, Redio upande ule. Kabla ya filimbi alitumbukiza mikono yote miwili mfukoni.

“Kocha, unaumwa?” mmoja aliuliza.

“Chezeni.”

Saa alipandisha mpira vizuri kama kawaida yake. Alipofika katikati akageuka kuutazama mkono. Haukuwepo. Akaudundisha mara mbili, tatu, akageuka tena. Wenzake wanne wakasimama, nao wakitazama mfuko wa suruali ya Kocha. Ilikuwa hivyo mchezo mzima. Saa hakupoteza mpira hata mara moja, na hakuna kilichotokea.

Redio aliupoteza mara tano, mara moja kwa upuuzi mtupu. Lakini hakunyamaza. “Mrefu, ingia chini, ingia. Nipo nyuma yako. Achana na huyo, kaba wangu. Pole, hilo kosa langu, nipe tena.” Bati lilipokula sauti yake, alimkimbilia mtu mpaka karibu, akamwambia. Kufikia robo ya tatu hata wasichana wawili waliokuwa hawasalimiani tangu muhula uliopita walikuwa wanaitana.

Kocha alisimama kwenye mstari. Hakuna aliyemtazama tena. Alijua anapaswa kufurahi, na kwa sehemu alifurahi. Sehemu nyingine ilihisi kama mtu aliyefika stendi basi likiwa limeondoka, wasafiri wote ndani wanazungumza.

Ijumaa mchana, kabla ya kubandika orodha, alimwita Saa stoo. Zamani angeibandika tu, msichana asome mwenyewe. Alimpa kasha la mipira akalie, yeye akabaki wima.

“Namba moja atakuwa Redio,” alisema.

Saa hakusogea. “Kwa sababu ya jana?”

“Ndiyo.”

“Jana hukuonyesha kitu. Ungeonyesha, ningefanya.”

“Najua.”

“Miaka miwili nimefanya kila ulichoonyesha, Kocha. Kila kitu.”

“Hukukosea wewe. Niliwafundisha kunitazama mimi, nikasahau kuwafundisha kutazamana. Wewe ulijifunza vizuri kuliko wote, ndiyo maana imekuumiza kuliko wote.” Alijilazimisha kuendelea. “Nataka uanze kama namba mbili, pembeni yake. Na kuanzia Jumatatu nitawafundisha kwa mdomo. Nitakosea, mtavumilia.”

Saa aliangalia viatu vyake. Machozi yalishuka, akayaacha.

“Mimi nilidhani unanipenda kwa sababu huniambii kitu,” alisema. “Wenzangu ulikuwa unawakosoa. Mimi hukuwahi kuniambia hata neno moja, nikajua basi mimi niko sawa.”

“Ulikuwa sawa. Nilikuwa najivunia wewe.”

“Sasa ungesema.”

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayemwonyesha mtu kamba ya kiatu iliyofunguka. Kocha alimkabidhi orodha akaibandike mwenyewe kama akitaka, au aiache. Saa aliichukua, akapangusa uso kwa mkono wa fulana, akatoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo. Kocha alifunga stoo, akaondoka kwa miguu, akimwacha msaidizi wake na mazoezi.

Hospitali ilikuwa imejaa. Kidirisha cha dawa kilikuwa na foleni ya watu kumi na wanne, na Kocha alijipanga mwisho; nyuma yake akaja mzee aliyebeba bahasha ya eksirei. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo. Foleni ilisogea kwa hatua za kinyonga. Alimwona mkewe kupitia kioo, koti jeupe, miwani imeshuka puani, anamwambia kila mtu neno lake: asubuhi na jioni, baada ya kula, usimeze kwa maziwa.

Ilipofika zamu yake mkewe hakuinua kichwa. “Cheti.”

“Sina cheti.”

Kichwa kikainuka. Miwani ikarudi juu.

“Watu wanasubiri,” mkewe alisema.

“Nimepanga foleni kama wao.”

“Unaumwa nini?”

“Nataka ubaki,” Kocha alisema.

“Kioo kinene. Sema kwa sauti.”

Mkewe alikuwa amesikia, Kocha aliliona hilo machoni mwake. Hata hivyo alisogea karibu na vitundu vya kioo.

“Nataka ubaki. Uliniuliza jikoni, na jibu lilikuwa ubaki, na bado ni ubaki. Sikulisema kwa sababu niliogopa kwamba nikikuomba, utabaki kwa kunihurumia, halafu siku moja utanichukia. Kazi waliyokupa ni nzuri. Unaistahili. Ukienda sitakulaumu, nitabeba begi lako mpaka stendi. Lakini usiende ukidhani nilikufukuza. Nyumba imekuwa safi mno. Sijui kalamu zako nilikuwa nazichukia za nini.”

Mwanamke mmoja nyuma akamwuliza mwenzake, “Amesema kalamu?”

“Kalamu,” mwenzake alijibu. “Nyamaza tusikie.”

Mkewe alivuta droo, akatoa fomu ya uhamisho iliyokunjwa mara mbili, akaifungua juu ya kaunta ili aione. Sahihi ilikuwa chini, kwa wino wa bluu.

“Nimesaini tangu Jumanne usiku,” alisema polepole. “Baada ya zile meseji zako. Jumatano nikaipeleka mpaka mlangoni kwa bosi, nikarudi nayo. Jana vilevile. Leo asubuhi vilevile. Bosi amedhani nina matatizo ya tumbo.”

“Ulikuwa unasubiri nini?”

“Nilichokuwa nakisubiri kimefika saa kumi kasoro dakika saba, bila cheti.” Sauti yake ilikwaruza kidogo. “Sijasema nimekubali. Miaka saba huimalizi kwa dakika moja dirishani.”

“Sawa.”

“Kaa pale. Mwenye eksirei, mzee wangu, karibu.”

Kocha alikaa mwisho wa viti vya plastiki, mikono juu ya magoti. Kutoka pale aliweza kuiona saa kubwa ya ukutani na kidirisha kwa pamoja. Mkewe alihudumia watu. Dakika nne zikabaki, kisha mbili. Mkewe hakuinuka kwenye kiti chake. Saa kumi ikafika, ikapita, na ilipofika saa kumi na robo mlango wa ofisi ya bosi ulifunguliwa, bosi akatoka na mkoba wake, akaaga watu, akaenda zake. Mkewe alimuaga pia, akaendelea kuhesabu vidonge.

Saa kumi na moja alitoka bila koti jeupe. Alisimama mbele ya viti.

“Begi liko kwa dada,” alisema. “Ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Utaongea wewe.”

“Njia nzima?”

“Njia nzima. Mimi wiki nzima nimewaongelesha wagonjwa.”

“Nianzie wapi?”

“Popote. Leo ulifanya nini?”

Walitoka getini. Jua lilikuwa limepoa na barabara imejaa watu wanaorudi makwao. Kocha alikohoa.

“Leo nimemliza msichana mmoja aliyekuwa ananitii kuliko wote,” alianza. “Ilikuwa hivi…”

Alieleza vibaya, akaruka mambo, akarudi nyuma, akasahau kueleza Redio ni nani, ikabidi aanze upya. Mkewe alimkatiza mara moja tu, walipofika njia panda na yeye akanyamaza kusubiri magari yapite.

“Endelea,” alimwambia.