Kibati cha Mtu Aliye Ndani

Maiti ya Uthmani ilitolewa katika tangi la petroli mtaani Musinzira, Gitega, saa tano asubuhi. Daktari alikuta mvuke mapafuni na kucha zilizovunjika. Askari wa zamu akaandika: ajali.

Inspekta Aboubakar alilikata neno hilo kwa mstari mmoja. Shule ya bweni ilimfundisha kutotia sahihi asichokiamini, na miaka tisa ya vita haikumbadilisha.

"Bi Layla," alimwambia mjane, "mumeo aliijua vyema kazi hii?"

"Shefu, unaniuliza kama alijua?" Layla alifuta machozi, akainua kichwa. "Miaka saba alisafisha matangi kule Angola, kwenye meli-ghala. Iko na nanga katikati ya bahari, inavuta mafuta chini, inayaweka tumboni mpaka meli zingine zije kuyachukua. Toka Burundi nzima walikuwa wawili tu!"

"Angeingia tangini peke yake?"

"Jamais, hata siku moja! Anayeingia anavua kibati cha jina lake, anampa mlinzi wa mlango. Akitoka, anarudishiwa."

Shingoni mwa maiti palikuwa na mkufu mtupu.

"Na huyo wa pili?"

"Hamissi. Iko Muyinga."

Kesho yake Aboubakar alipanda msafara wa malori uliosindikizwa na wanajeshi. Muyinga alianzia kwa mwenye bohari ya mafuta, aliyekuwa akitafuta msimamizi wa matangi. Kisha akamwita Hamissi kituoni. Alikuja na shati lililopigwa pasi, kidevu juu.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mi sijatoka Muyinga."

"Melini ulifanya kazi gani?"

"Mlinzi wa mlango. Watu mia waliingia, watu mia wakatoka hai. Uliza!"

"Nauliza. Toa vilivyo mfukoni."

Hamissi hakusogea. Sajini aliyesimama mlangoni akaanza kukunja mikono ya shati lake. Aboubakar alimtazama mara moja tu, naye akaikunjua. Katika chumba chake hakupigwa mtu.

Mwishowe Hamissi akavitoa mezani. Leso. Ufunguo. Kibati: UTHMANI.

"Kwa nini hukukitupa njiani?"

Hamissi alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Kibati cha mtu aliye ndani hakitupwi, shefu. Mlinzi anayekitupa si mtu."

"Na anayemfungia mfuniko?"

Hamissi alikisogeza kibati katikati ya meza.

"Nilifunga mimi. Kwanza nilivuta kamba aliyoshukia, kisha nikafunga, nikakaa juu mpaka akaacha kugonga."

"Sababu?"

"Siku moja melini niliacha mlango, nikaenda kuvuta sigara. Mtu akazimia ndani. Wakanifukuza. Hapa wote wanajua niliacha kazi mwenyewe. Nikaomba kazi boharini, mwenye bohari akamwandikia Uthmani kuniulizia. Nikamfuata Gitega, nikamwomba anyamaze. Akacheka: 'We Hamissi, mi sisemi uongo. Kesho nina tangi, njoo unishikie mlango.' Miaka yangu yote, shefu, ifutwe na sigara moja!"

Aboubakar alifungua bahasha aliyopewa boharini: jibu la Uthmani. Dereva mmoja alikuwa ameileta kutoka Gitega asubuhi ileile ya kifo. Aliisoma kwa sauti, bila haraka.

"'Hamissi alikosa siku moja, akafukuzwa. Siku nyingine zote niliingia tangini mikononi mwake, nikatoka hai. Mpe kazi. Kesho mimi mwenyewe nitampa kibati changu tena.'"

Hamissi aliomba kuisoma mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akairudisha, kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu aandike maungamo yake.