Lango Alilolifungua Dobrochna

—Shemeji, fungua lango nikurudishie mumeo!

Domarad alikuwa juu ya farasi, theluji ikimjaa mabegani, askari wake wametanda hadi ukingoni mwa mto Warta. Juu ya ukuta wa magogo alisimama Dobrochna, mke wa mtawala Zbylut.

Domarad na Zbylut walikuwa tumbo moja. Baba yao aliwagawia nchi nusu kwa nusu, kama watawala wa Poland walivyozoea siku zile, na tangu hapo mkubwa hakupata usingizi. Krismasi akamwalika mdogo wake karamuni. Zbylut akaenda na zawadi, akatiwa minyororo hata kofia hajavua.

—Ulimwita kula ukamfunga! Leo nikuamini kwa lipi?

—Kwa hiki hapa.

Askofu aliyefuatana naye akasogeza kisanduku chenye mfupa wa mtakatifu. Domarad akaweka kiganja juu yake.

—Naapa, Zbylut atakuja kwako akiwa hai, kwa miguu yake mwenyewe. Ukikataa, nakuletea kichwa.

Sulej, mkuu wa ngome, akamvuta Dobrochna pembeni.

—Bibi, bwana alituachia neno moja tu. Hata wakimnyonga mbele ya macho yetu, tusifungue. Chakula tunacho hadi barafu iyeyuke.

—Neno lake nalijua, Sulej. Lakini anayeamka peke yake kitandani ni mimi, si wewe.

—Na huyu mtoto je?

Ludka, binti yao wa pekee, alikuwa amejibanza kwenye joho la mama yake.

—Mama, mimi namtaka baba.

Dobrochna hakusikia kingine. Akashuka, akaamuru mapingo yaondolewe.

Jua halijazama, Sulej alikuwa ananing'inia kwenye boriti ya zizi, na askari wa Domarad wanakunywa pombe ya asali ya wenyewe. Kesho yake Zbylut akaletwa. Kweli alikuwa hai. Kweli alikuja kwa miguu yake. Akavuka ua polepole, mikono mbele, kitambaa kimefungwa machoni.

Dobrochna alimkimbilia, kisha akasimama ghafla.

—Mume wangu… wamekufanya nini?

—Dobrochna? Ni wewe?

Akampapasa uso. Akataka kucheka.

—Walitumia chuma cha moto. Usilie. Nilivumilia, mke wangu. Waliponikandamiza kichwa nilijiambia, acha wachome, Ludka yuko nyuma ya ukuta, hawampati.

Kutoka ukumbini kikapasuka kicheko cha walevi.

—Hao wanaocheka ni nani?

—Zbylut…

—Ni watu wa kaka? Wameingiaje?

—Nilifungua. Aliapa kwa mfupa wa mtakatifu! Nilikutaka wewe, Zbylut. Nilikutaka wewe tu.

Mikono yake ikaanguka kutoka usoni mwa mkewe.

—Mwiteni Sulej.

—Wamemnyonga.

Domarad aliwapa chumba kwenye nyumba ya watawa, ili watu waone alivyo na huruma. Miaka ikapita, na Ludka alipopevuka, Domarad akamwoza kwa mzee mmoja tajiri wa Kijerumani, ng'ambo ya mto Odra. Siku ya kumchukua, binti alimng'ang'ania baba yake.

—Baba, mwambie baba mkubwa sitaki! Mwambie!

—Nikimwambia atanisikia, mwanangu? Mimi sasa ni mtu wa kushikwa mkono nikienda chooni.

Askari wa Domarad wakambandua vidole, kimoja kimoja.

Majira ya baridi yaliyofuata mtawa mmoja akaingia chumbani, kofia mkononi. Ludka alikuwa amefariki katika uzazi, na kichanga naye.

Mtawa alipotoka, Zbylut akamgeukia mkewe.

—Alipoondoka alikuwa amefanana na nani?

—Na wewe.

—Sikumwona akikua.

Dobrochna akapiga magoti mbele yake.

—Nipige basi. Nitukane. Sema nami, Zbylut, hata neno baya.

—Nikupige kwa nini? Ulinipenda.

—Na wewe? Bado unanipenda?

Zbylut akageuza uso kuelekea ukutani.

—Mkate umebaki?

Dobrochna akainuka. Akavunja kipande cha mkate mweusi, akamwekea kiganjani, akamkunjia vidole juu yake. Zbylut akala. Dobrochna akakaa kando yake, wala hakumgusa tena.