Nyekundu ya Sonara

Sokoni watu wamebanana, na fungu la mwisho la mchaichai likashikwa na mikono miwili.

"Dada, mwenzio nataka kuchemsha chai," alisema kijana wa shati la samawati, bisibisi zimemjaa mfukoni.

"Na mimi natengeneza dhahabu," akajibu binti wa gauni la njano.

Kijana alicheka hadi wauza nyanya wakageuka. "Haya, chukua, Sonara. Ukitajirika usinisahau."

Amsahau wapi! Fundi simu huyo akawa hapitishi mchana bila kupiga: "Sonara wangu, umekula?" Jioni alimfuata kwenye maabara ya chuo chake, akimtazama akimimina maji ya mchaichai kwenye maji ya manjano yenye dhahabu iliyoyeyushwa. Yakigeuka mekundu, chembe za dhahabu zimekaa sawa, zinafaa kwa kihisi cha kugundua sumu kwenye maji ya kunywa. Yakigeuka bluu, zimegandamana, kwisha kazi.

Sonara akapata nafasi ya masomo ng'ambo, mradi awaonyeshe wakubwa wa chuo chupa ya maji mekundu. Fundi wa watu, kumwona mpenzi wake kachoka, akamwoshea chupa kwa maji ya bomba, yenye chumvichumvi. Kesho yake, bluu tupu.

"Umefanya makusudi! Hutaki niende!"

"Mimi?" Fundi alishikilia mlango. "Mimi niliyekuombea dua uende?"

"Toka!"

Akatoka. Jamani, hasira!

Wakubwa walimpa Sonara nafasi nyingine. Aliosha chupa mwenyewe, kwa maji safi kabisa ya maabara. Bluu ile ile. Basi kosa halikuwa chupa. Jiko la maabara lilikuwa limeharibika siku hizo, majani alikuwa akiyachemshia nyumbani. Alipitisha kidole kwenye sufuria ya dada yake, akakilamba. Chumvi, ile ile inayogandamanisha chembe za dhahabu.

"Si ya kupikia viazi hiyo?" dada yake akashangaa.

Kwa sufuria mpya, maji yakawa mekundu. Akapiga simu.

"Fundi, haikuwa wewe. Ilikuwa sufuria. Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe zamani."

"Basi njoo."

"Nimehama mji, Sonara. Hukuniuliza hata. Ulinidhania tu. Hilo ndilo linalonishinda."

Sonara akalia kwa sauti, bila haya.

"Imekuwa nyekundu?" Fundi akauliza taratibu.

"Nyekundu."

"Basi nenda, mpenzi wangu. Nenda."

Hakuna aliyekata simu. Walisikilizana wakipumua mpaka salio likaisha.